Siku Tano Zilizomkosesha Nahodha Fainali: Chelsea Randall, Adelaide Crows na Kanuni ya Siku 12

Jumamosi ya tarehe 10 Aprili 2021, timu ya wanawake ya Adelaide Crows iliitoa Melbourne katika nusu fainali ya AFLW, ligi ya wanawake ya futiboli ya Australia, ikajihakikishia kucheza fainali nyumbani kwenye uwanja wa Adelaide Oval Jumamosi iliyofuata. Lakini furaha hiyo iliingia doa. Katika mechi hiyo nahodha wao, Chelsea Randall, aligongana na mchezaji wa Melbourne wakiwania mpira, akaumia kichwa na kutolewa. Madaktari wakathibitisha kuwa amepata mtikisiko wa ubongo.

Tangu Januari ya mwaka huo wakuu wa mchezo walikuwa wameweka kanuni mpya kwa wanaume na wanawake: aliyepata mtikisiko wa ubongo hachezi mechi mpaka zipite siku 12, hata akijisikia mzima kabisa. Kutoka nusu fainali hadi fainali zilikuwa siku saba. Zilipungua siku tano, na kwa siku hizo tano Randall akaikosa fainali.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo makaratasi ya kanuni hayalionyeshi. Kanuni ya kumlinda mchezaji ni rahisi kuifuata katikati ya msimu, kwenye mechi ambayo hakuna atakayeikumbuka mwezi ujao. Hapa ilikutana na fainali, na mtu iliyemzuia alikuwa nahodha wa timu iliyoongoza ligi. Hoja yangu ni kwamba kanuni ilifaa kwa sababu ilimnyang'anya kila mtu uamuzi, akiwemo Randall mwenyewe. Lakini nasema pia kwamba ligi ilimwachia mchezaji abebe peke yake gharama ambayo ratiba nzuri ingeipunguza, na mwaka huohuo tuliona kwa wanaume kwamba ratiba ya namna hiyo inawezekana.

Mchezo ambao adui hutokea upande wowote

Msomaji aliyezoea kandanda anahitaji kuuona uwanja kwanza. Ni mkubwa na una umbo la yai. Mpira nao ni wa umbo hilo. Kwa wanawake kila timu huwa na wachezaji 16 uwanjani; kwa wanaume ni 18. Kila upande una nguzo nne: mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya mbili za katikati ni goli, lenye pointi sita, ukipita pembeni yake ni pointi moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa magoli, kisha pointi za pembeni, kisha jumla.

Kwa kisa chetu, jambo kubwa ni kwamba hakuna kuotea. Wachezaji wametapakaa kila mahali, kwa hiyo anayekuja kukukaba anaweza kutokea mbele, nyuma au ubavuni. Katika raga angalau unajua adui amesimama upande gani. Halafu kuna kudaka. Mchezaji anayeudaka mpira uliopigwa mbali, kabla haujagusa mtu wala ardhi, hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa, hivyo watu huruka juu sana, wengine wakikanyaga migongo ya wenzao. Na kuna tendo moja ambalo Waaustralia huliheshimu kuliko yote: kukimbia kurudi nyuma macho yakiwa kwenye mpira ulio hewani, huku ukijua kwamba kuna mtu anakuja mbio kutoka mbele na huwezi kumwona.

Randall alijulikana kwa tendo hilo. Wachezaji wenzake wa ligi nzima walimpigia kura zaidi ya mara moja kuwa mchezaji jasiri kuliko wote. Ujasiri wa aina hiyo, ukiutazama kwa jicho la daktari, ni kukiweka kichwa mahali ambapo kitagongwa. Sisemi hivyo kumlaumu. Mchezo wenyewe ndio unaowatukuza wanaofanya hivyo, ukawapa na tuzo.

Timu aliyoiongoza

AFLW ilianza Februari 2017 ikiwa na timu nane. Mechi ya kwanza, Carlton dhidi ya Collingwood pale Princes Park, Melbourne, iliingiza watu 24,568 na milango ikafungwa wengine wakiwa bado nje. Bosi wa ligi, Gillon McLachlan, alitoka kwenda kuwaomba radhi. Msimu huo wa kwanza pia ndio uliomtoa Akec Makur Chuot, binti wa Sudan Kusini aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya kabla ya kuhamia Perth, akawa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi hiyo, akiwa na Fremantle.

Adelaide waliingia kwa mpango wa peke yake. Waliungana na chama cha mchezo cha jimbo la Northern Territory, hivyo wachezaji wao wengine waliishi na kufanya mazoezi Darwin, kiasi cha kilomita 3,000 kwa barabara kutoka Adelaide. Timu iliyogawanyika hivyo ilichukua ubingwa wa kwanza, tarehe 25 Machi 2017, kwa kuifunga Brisbane 35 kwa 29 chini ya kocha Bec Goddard. Manahodha walikuwa wawili: Randall, mzaliwa wa Australia Magharibi aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kusajiliwa na klabu, na Erin Phillips, aliyekuwa ametoka kwenye mpira wa kikapu akiwa na mataji mawili ya WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani.

Mwaka 2019 wakatwaa tena, mara hii dhidi ya Carlton, 63 kwa 18, mbele ya watazamaji 53,034 pale Adelaide Oval. Hakuna mashindano ya wanawake yaliyosimama peke yake nchini Australia yaliyokuwa yamekusanya umati wa namna hiyo. Kiingilio kilikuwa bure, lakini viti havijazwi na ubure peke yake. Robo ya tatu Phillips alianguka, kano ya goti imechanika, na alipotolewa kwa machela uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Hata hivyo ndiye aliyepewa medali ya mchezaji bora wa fainali.

Kisha goti likamfuata Randall naye. Aliumia mazoezini kabla ya msimu wa 2020 na kuukosa wote. Corona ikaufunga msimu wenyewe mwezi Machi bila bingwa. Kwa hiyo alipoingia uwanjani mwaka 2021, sasa akiwa nahodha peke yake, alikuwa mtu aliyetoka kwenye mwaka mzima wa kujifunza kukimbia upya. Adelaide walimaliza kileleni. Timu nne za juu zilifungana kwa ushindi saba na vipigo viwili kila moja, wao wakiongoza kwa uwiano wa pointi. Huyo ndiye mtu, na huo ndio msimu, ambao kanuni ya siku 12 iliukuta.

Kanuni ilitoka wapi

Siku 12 hazikushuka kutoka mbinguni. Kabla ya hapo mchezaji aliyepata mtikisiko aliweza kurudi kwenye mechi ya wiki iliyofuata endapo madaktari wangeridhika. Kilichobadilisha mambo ni maiti.

Graham "Polly" Farmer, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huo, alifariki Agosti 2019 akiwa na miaka 84. Mwanzoni mwa 2020 wataalamu walitangaza kwamba ubongo wake ulikuwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na vipigo vya kichwa vinavyojirudia kwa miaka, ambao mpaka leo huthibitishwa kwa kuupasua ubongo baada ya mtu kufa. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kubainika hivyo. Akafuata Danny Frawley, aliyefariki Septemba 2019 akiwa na miaka 56. Na Shane Tuck, aliyefariki Julai 2020 akiwa na miaka 38 tu. Majibu yake, yaliyotangazwa Januari 2021, yalionyesha hali mbaya sana.

Tazama miezi. Majibu ya Tuck na kanuni mpya vilitoka Januari ileile. Wakuu wa ligi walikuwa wamekwisha kuona watu watatu wa vizazi vitatu tofauti, mmoja akiwa kijana, na hawakuweza tena kusema ni mambo ya zamani.

Msimu wa 2021 wenyewe ulianza kwa ajali zilizowagusa Adelaide moja kwa moja. Januari, kwenye mechi ya kujipima nguvu, kiungo wao Ebony Marinoff aligongana na Bríd Stack wa GWS Giants, nyota wa futiboli ya Kigaeli kutoka Cork, Ireland, ambaye alivunjika pingili ya shingo. Marinoff alifungiwa mechi tatu, kisha kesi ikasikilizwa upya na akaondolewa hatia. Machi, upande wa wanaume, Patrick Dangerfield wa Geelong alimgonga Jake Kelly wa Adelaide kwa bega na kumvunja pua, Kelly akapata mtikisiko wa ubongo. Dangerfield akafungiwa mechi tatu. Klabu hiyo ilikuwa imelijua suala la vichwa na shingo kabla ya Aprili.

Kanuni yenyewe ina hatua. Mchezaji hupumzika kwanza, kisha huanza mazoezi mepesi, kisha mazoezi ya mpira bila kugusana, kisha ya kugusana, na daktari ndiye anayempa ruhusa. Kila hatua inategemea kutorudi kwa dalili: maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kuumiza macho, usingizi kuvurugika. Siku 12 ndizo chini kabisa. Mwenye dalili atakaa zaidi.

Wiki ile

Siku zile kati ya nusu fainali na fainali, Australia ilijadiliana. Wapo waliotaka fainali isogezwe mbele. Wapo waliotaka nahodha asamehewe akipita vipimo vyote, kwa hoja kwamba kila ubongo hupona kwa kasi yake na namba 12 si ya kimaumbile. Hoja hiyo nimeifikiria kwa uzito, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Hakuna saa ndani ya fuvu inayolia siku ya 12 ikifika. Daktari mzuri anayemfahamu mgonjwa wake anaweza kabisa kuona kwamba huyu wa siku ya saba yuko salama kuliko yule wa siku ya 15.

Lakini hoja hiyo inasahau aliyekaa mbele ya daktari. Dalili nyingi za mtikisiko wa ubongo haziwezi kuonekana kwenye picha ya kawaida ya hospitali. Daktari huzijua kwa kuambiwa. Anayetakiwa kuambiwa ukweli ni daktari wa timu iliyobakiza mechi moja kuchukua kombe. Anayetakiwa kuusema ni mwanamke ambaye kazi yake yote, heshima yake yote miongoni mwa wenzake, imejengwa juu ya kutokuogopa kuumia. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo kama kichwa kinamuuma, umemwuliza kama anataka kucheza fainali.

Hapo ndipo ubora wa kanuni unapoonekana. Kwa kuweka siku zisizojadiliwa, iliondoa swali mezani. Randall hakuhitaji kuchagua kati ya timu na ubongo wake. Daktari hakuhitaji kuwa adui wa mji mzima. Kocha, Matthew Clarke, hakuhitaji kumtazama nahodha wake usoni na kupima. Katika michezo tumezoea kusifu uhuru wa mchezaji kuamua, lakini uhuru unaotolewa siku tano kabla ya fainali, mbele ya wenzake 20 wanaomtegemea, si uhuru.

Na Randall mwenyewe hakupigania kupewa msamaha. Hadharani alisimama na kanuni. Kwangu huo ndio uongozi mkubwa kuliko kucheza, kwa sababu mwanafunzi wa miaka 14 anayecheza kijijini Australia Kusini, akigongwa Jumamosi, sasa ana jibu la kumpa kocha anayemwambia ajikaze: hata Chelsea Randall hakucheza fainali.

Fainali bila nahodha

Tarehe 17 Aprili watu 22,934 waliingia Adelaide Oval. Brisbane, waliopoteza fainali ya 2017 kwa Adelaide hawahawa na ile ya 2018 kwa Western Bulldogs, walishinda kwa magoli sita na pointi mbili za pembeni, jumla 38, dhidi ya matatu na mbili, jumla 20. Kate Lutkins, beki wa Brisbane, akawa mchezaji bora. Chini ya kocha Craig Starcevich, timu iliyokuwa ikinyang'anywa wachezaji na klabu mpya kila ligi ilipopanuka ikapata kombe lake la kwanza.

Je, Adelaide wangeshinda wakiwa na Randall? Sioni namna ya kulijibu hilo kwa uaminifu. Walifunga magoli matatu katika mechi nzima, wakiwa na Phillips, Marinoff na Anne Hatchard uwanjani. Ukame huo hauwezi kubebeshwa mtu mmoja asiyekuwepo. Brisbane waliziba njia zote za kuelekea golini na walistahili. Pengo la nahodha halionekani kwenye takwimu tu, ni kweli, lakini anayesema kanuni iliwanyima Adelaide kombe anawanyima Brisbane haki yao.

Kombe la tatu lilikuja. Tarehe 9 Aprili 2022, uwanja uleule, Adelaide waliifunga Melbourne 29 kwa 16, Hatchard akachukua medali ya mchezaji bora, na nahodha alikuwa Randall. Ningependa kusema kwamba hilo linafunga hesabu, lakini jambo lililotokea miezi michache baadaye liliifungua upya kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia.

Heather Anderson

Katika kikosi kilichochukua ubingwa wa 2017 alikuwemo kijana kutoka Canberra, Heather Anderson. Alicheza mechi zote nane za msimu huo akiwa amevaa kofia laini ya rangi ya waridi iliyokolea, ili mama yake, mwenye matatizo ya macho, aweze kumtambua uwanjani. Kwenye fainali bega lilimtoka. Baada ya hapo hakucheza tena ligi hiyo; alirudi jeshini, alikokuwa mhudumu wa tiba.

Alifariki Perth mwezi Novemba 2022, akiwa na miaka 28. Familia yake iliutoa ubongo wake kwa benki ya ubongo ya wanamichezo iliyoko Sydney, iliyokuwa ikiongozwa na Profesa Michael Buckland. Julai 2023 majibu yalichapishwa: ulikuwa na vidonda vitatu vya CTE. Hakuwa ametokea mwanamke mwanamichezo wa kulipwa popote duniani aliyewahi kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huo.

Sitaunganisha kifo chake na ugonjwa wake kwa mstari ulionyooka. Wanasayansi wenyewe hawafanyi hivyo, na ni familia iliyofiwa tunayoizungumzia. Ninachotaka msomaji akitazame ni historia ya mchezo aliyokuwa nayo. Alianza raga ya wachezaji 13 akiwa na miaka mitano. Kwa jumla alicheza michezo ya kugongana kwa miaka 18. Lakini mtikisiko wa ubongo uliothibitishwa na daktari ulikuwa mmoja tu, na mingine kadhaa familia yake iliishuku bila kupimwa.

Hapa kisa cha Randall kinapata upande wake wa pili. Kanuni ya siku 12 huamshwa na tukio: pigo lililoonekana, mchezaji aliyetolewa, kipimo kilichofeli. Lakini utafiti wa CTE kwa miaka kadhaa sasa umekuwa ukionyesha kidole upande mwingine, kwenye jumla ya vipigo vyote ambavyo mtu amepokea, pamoja na vile vidogo ambavyo havikuleta dalili yoyote, na kwenye idadi ya miaka aliyocheza. Vipigo hivyo havina siku 12. Havina hata siku moja. Mchezaji anaamka, anapangusa nyasi, mechi inaendelea. Kofia laini kama ile ya Anderson huzuia michubuko na mikwaruzo, lakini haijathibitika kuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu.

Kuna pia ushahidi kwamba wanawake hupata mtikisiko wa ubongo kwa urahisi zaidi kuliko wanaume katika michezo inayofanana, na kwamba huchelewa kupona. Sababu zinazotajwa ni pamoja na nguvu ndogo ya misuli ya shingo, wembamba wa nyuzi za neva, na homoni. Mimi naongeza sababu ya historia. Phillips, binti wa Greg Phillips, gwiji wa Port Adelaide, alilazimika kuacha kucheza na wavulana akiwa na umri wa takriban miaka 13 kwa sababu hapakuwa na mahali pa msichana kuendelea. Kizazi chote cha AFLW ya mwanzo kiliwekwa kando katika miaka ileile ambayo wavulana walikuwa wakifundishwa kuanguka, kukaba kwa usalama na kukaza shingo, kisha kikaitwa kucheza mbele ya kamera kikiwa na wiki chache tu za maandalizi.

Pia kuna pesa. Msimu ulioanza Januari 2022, mchezaji wa daraja la chini kabisa alilipwa dola 20,239 za Australia. Makubaliano ya mwaka huo yakapandisha kiwango hicho hadi dola 39,184 kwa msimu uliofuata. Kwa gharama za maisha za Melbourne au Adelaide, hata kiasi cha pili hakikutosha kumfanya mtu aache kazi nyingine. Walikuwepo walimu, wauguzi, mafundi, askari. Mwanamke wa namna hiyo akitikisika ubongo Jumamosi hakosi mechi tu. Jumatatu anatakiwa darasani, au wodini kwa zamu ya usiku, mahali penye mwanga na kelele, wakati ubongo unahitaji utulivu. Kanuni inamzuia kucheza lakini haimzuii kufanya kazi, na mikataba mifupi ya miaka ile ilimfanya afikirie mara mbili kabla ya kusema kwamba bado anaona kizunguzungu.

Ratiba

Narudi kwenye zile siku saba, kwa sababu hapo ndipo penye jambo linaloweza kurekebishwa bila kusubiri sayansi.

Mwaka huohuo wa 2021 fainali ya wanaume ilihamishiwa Perth kwa sababu ya corona, na ikawekwa wiki moja ya mapumziko kati ya nusu fainali, zilizochezwa tarehe 10 na 11 Septemba, na fainali ya tarehe 25 Septemba. Mchezaji chipukizi wa Western Bulldogs, Cody Weightman, alipata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi ya mtoano iliyotangulia nusu fainali. Kanuni ileile ikamzuia. Akaikosa nusu fainali. Fainali akacheza, siku 12 zikiwa zimepita muda mrefu. Bulldogs walifungwa na Melbourne 140 kwa 66, lakini yeye alikuwepo.

Kanuni moja na mwaka mmoja, isipokuwa wanaume walikuwa na wiki mbili kabla ya fainali yao na wanawake moja. Mtu aliyegongwa kwenye nusu fainali ya wanaume mwaka huo angekuwa na siku 14 za kupona na bado angeweza kucheza fainali kwa haki. Randall hakuwa na nafasi hiyo. Sidai kwamba ligi ilikusudia ubaguzi; wiki ile ya wanaume iliwekwa katika mazingira ya pekee. Lakini ilithibitisha kwamba inawezekana, na kwamba mashabiki hawakukimbia.

Waliotaka fainali ya wanawake isogezwe wakati Randall ameshaumia walikosea, kwa sababu huwezi kuhamisha mechi kwa ajili ya mtu mmoja bila kuikosea timu nyingine. Wiki ya mapumziko iliyoandikwa kwenye ratiba tangu mwanzo wa msimu ni jambo tofauti kabisa. Haimpendelei yeyote kwa sababu hakuna ajuaye nani ataumia. Faida yake kubwa si kwamba nahodha atacheza. Ni kwamba mchezaji aliyeumia nusu fainali hatakuwa na sababu ya kumficha daktari. Kanuni kali na ratiba ngumu vikikaa pamoja hutengeneza kishawishi cha kudanganya, na mtikisiko ambao haukusemwa ni hatari kuliko ule uliosemwa, kwa sababu ubongo ambao haujapona ukigongwa tena madhara yake ni makubwa zaidi.

Tangu wakati ule mambo mengi yamesogea. Machi 2023 wachezaji wa zamani walifungua kesi ya pamoja kwenye Mahakama Kuu ya Victoria. Seneti ya Australia ilifanya uchunguzi wake na kutoa ripoti Septemba 2023. Na mwaka 2024 futiboli ya mitaani na ya vijana ikawekewa siku 21 kabla ya kurudi uwanjani. Ligi kuu, ya wanaume na ya wanawake, ilibaki na siku 12, kwa hoja kwamba klabu zake zina madaktari wa kumfuatilia mchezaji kila siku. Hoja hiyo inaweza kukubalika kwa klabu ya wanaume ambao hushinda klabuni kutwa nzima. Kwa timu ya wanawake ambao wengi walikuwa wakifika mazoezini baada ya kazi nyingine, siku 21 zingefaa zaidi, na mimi ningeanza na wao.